Jinsi hofu inavyomaliza unga dukani kabla ya Krismasi

KILA mwaka ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, maduka ya supamaketi jijini Nairobi hugeuka kuwa kama vituo vya mabasi. Troli hugongana katikati ya rafu, watoto hupotezana na mama zao karibu na friji za maziwa, na mlolongo wa kaunta ya malipo hurudi nyuma hadi penye sabuni.

Wanunuzi wengi huueleza msongamano huo kwa neno moja tu: Krismasi. Lakini ukweli ni kwamba kuna misongamano miwili ndani ya mmoja. Wa kwanza huletwa na sherehe, nao unatabirika kama mvua za masika. Wa pili huletwa na hofu, na huu ndio unaoweza kumaliza bidhaa kwenye rafu hata pale ambapo ghala limejaa pomoni.

Tuanze na ule wa sherehe. Waajiri wengi nchini Kenya hulipa mishahara ya Desemba mapema ili wafanyakazi wasafiri wakiwa na kitu mkononi. Vyama vya akina mama na vikundi vingine vya akiba, ambavyo huchanga mwaka mzima, huwagawia wanachama wao fedha katika mwezi huo huo. Shule zimefungwa. Watu waliokuwa wakinunua pakiti moja ya sukari kwa juma sasa wanawabebea wazazi, wajomba na mashemeji walioko mashambani.

Jambo jingine ni kwamba watu wote hutaka vitu vile vile. Chakula cha Krismasi katika nyumba nyingi za Kenya ni chapati, wali na nyama. Hivyo basi, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, mchele, sukari na soda ndivyo vinavyobebwa kwanza, ilhali rafu ya dawa za mbu au ya vyombo vya udongo hubaki ilivyokuwa. Nje ya supamaketi, pilkapilka hizo hizo huonekana Kiamaiko kwenye mbuzi, Gikomba kwenye nguo za watoto, na Machakos Country Bus, ambako nauli hupanda kadiri tarehe 24 inavyokaribia.

Wenye maduka hulijua hili. Maagizo ya unga na mafuta ya Desemba hutolewa wiki nyingi kabla, wafanyakazi wa muda huajiriwa, na bidhaa za msimu hupangwa karibu na mlango. Duka linaloendeshwa vyema huweza kuuvumilia msongamano wa sherehe bila kuishiwa.

Msongamano wa hofu ni jambo tofauti kabisa, na ili kuuelewa yafaa kufahamu jinsi supamaketi linavyofanya kazi. Mteja anapoitazama rafu iliyojaa, hudhani kwamba nyuma ya ukuta kuna chumba kilichojaa mara kumi zaidi. Sivyo. Kodi ya jengo mjini ni ghali, na kila mita ya sakafu inayowekwa magunia badala ya wateja ni hasara. Kwa hiyo duka huwa na akiba ya siku chache tu, na malori huijaza tena usiku au alfajiri. Mpango huo hutegemea jambo moja: kwamba kesho wateja watanunua takriban kiasi walichonunua jana.

Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Tuseme duka la mtaani lina pakiti 600 za unga wa ngano kwa siku moja, na wateja 300 wanaohitaji pakiti mbili kila mmoja. Unga unatosha barabara. Sasa tuseme wateja 100 wa kwanza wamesikia fununu kwamba unga utaadimika, wakaamua kubeba pakiti nne badala ya mbili. Hao peke yao wataondoka na pakiti 400. Zitasalia 200, ambazo zitawatosha wateja 100 wengine. Wateja 100 wa mwisho, ambao hawakusikia fununu yoyote, watarudi nyumbani mikono mitupu.

Hakuna hata kilo moja ya unga iliyopotea nchini. Imehama tu, kutoka kwenye rafu hadi kwenye makabati ya jikoni, ambako huenda ikakaa mpaka Februari ishikwe na wadudu. Lakini picha ya rafu tupu imeshapigwa kwa simu na kutumwa kwa jamaa na marafiki, na kesho yake waliokuwa hawana wasiwasi nao watakuwa mlangoni kabla ya saa mbili asubuhi.

Mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, aliliandikia jambo la namna hii mwaka wa 1948. Mfano wake ulikuwa benki iliyokuwa imara, ambayo wateja wake waliamini uvumi kwamba inafilisika, wakakimbilia kutoa fedha zao wote kwa pamoja, na kwa kufanya hivyo wakaifilisi. Aliuita utabiri unaojitimiza wenyewe. Kinachofanya jambo hili liwe gumu kutibika ni kwamba hakuna mjinga ndani yake. Mtu akishaona wenzake wanabeba pakiti nne nne, kubeba mbili tu ni kujihatarisha. Ndiyo maana mwandishi huyu haoni faida ya kuwakejeli wanaopanga foleni. Wengi wao wanafanya lile ambalo mzazi yeyote mwenye akili angelifanya.

Kisa kinachojulikana zaidi duniani kilitokea Marekani siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka wa 1973. Nchi hiyo ilikuwa tayari na wasiwasi, kwa kuwa mataifa ya Kiarabu yalikuwa yameiwekea vikwazo vya mafuta tangu Oktoba na foleni zilikuwa zimeonekana kwenye vituo vya petroli. Mbunge mmoja wa Wisconsin, Harold Froehlich, alitoa taarifa akionya kwamba huenda kukawa na uhaba wa karatasi za shashi.

Usiku wa Desemba 19, mchekeshaji Johnny Carson, ambaye kipindi chake cha televisheni kilitazamwa na mamilioni ya watu, alilifanyia mzaha suala hilo. Asubuhi yake watu walifurika madukani. Shashi zilitoweka kwenye rafu, maduka yakaanza kuweka kikomo cha ununuzi, na kwa wiki kadhaa bidhaa ambayo haikuwa imepungua ikawa adimu kweli kweli. Carson alilazimika baadaye kufafanua hewani kwamba hapakuwa na uhaba.

Miaka 47 baadaye, ilikuwa zamu ya Uingereza. Jumamosi ya Desemba 19, 2020, Waziri Mkuu wa wakati huo, Boris Johnson, alitangaza masharti makali zaidi ya kukabiliana na virusi vya korona katika jiji la London na maeneo ya kusini-mashariki, kufuatia aina mpya ya virusi iliyokuwa ikienea kwa kasi. Siku iliyofuata, Ufaransa ilitangaza kufunga mpaka wake kwa saa 48, na malori yaliyokuwa yakielekea bandari ya Dover yakakwama katika jimbo la Kent.

Kampuni ya Sainsbury's ilionya kwamba mboga za saladi, koliflawa, brokoli na matunda jamii ya machungwa huenda zikapungua endapo mpaka ungeendelea kufungwa. Ilisema pia kwamba vyakula vya mlo wa Krismasi vilikuwa vimeshaingia nchini. Wanunuzi walilisikia onyo, wakalipuuza lile la kutuliza. Jumatatu asubuhi kulikuwa na foleni nje ya maduka mengi, na kampuni ya Tesco ikaweka kikomo kwa bidhaa kama vile karatasi za shashi, mayai, mchele na sabuni.

Msomaji atambue kwamba mayai na shashi hazikuwa zimetajwa katika onyo lolote. Malori yaliyokwama upande wa Uingereza yalikuwa yakitoka nchini humo kuelekea Ulaya. Wasiwasi wa wataalamu ulikuwa kwamba madereva wa Ulaya wangekataa kuingia wakijua hawatatoka. Lakini mteja hana muda wa kuchambua mwelekeo wa malori. Amesikia mpaka umefungwa, naye anabeba kile anachoogopa kukikosa. Mpaka ulifunguliwa tena Desemba 23 kwa madereva waliopimwa, ingawa maelfu yao walikula Krismasi ndani ya malori yao.

Hapa Kenya, tuliwahi kuwa na hofu ya Desemba ya aina yetu wenyewe, na haikuhusu virusi wala shashi. Kwa muda wa miaka 15, uchaguzi mkuu ulikuwa ukiangukia wiki ile ile ya Krismasi. Ule wa mwaka wa 1992, wa kwanza tangu kurejea kwa mfumo wa vyama vingi, ulifanyika Desemba 29. Wa 1997 ulifanyika Desemba 29 pia, huku mvua za El Niño zikiwa zimeharibu barabara. Wa 2002 na wa 2007 ilifanyika Desemba 27.

Kwa hiyo mkazi wa Nairobi, Nakuru au Eldoret aliingia supamaketi siku za Desemba 22 na 23 akiwa na orodha mbili kichwani. Moja ilikuwa ya karamu: soda, mchele wa pishori, mafuta ya chapati. Ya pili ilikuwa ya tahadhari: unga wa mahindi, mishumaa, kiberiti, maziwa ya unga, chumvi. Duka liliona foleni moja tu, na mwenye duka hakuwa na njia ya kujua ni kiasi gani cha mauzo yale ni sherehe na kiasi gani ni wasiwasi.

Mwaka wa 2002 tahadhari hiyo haikuhitajika. Kura zilihesabiwa, Rais Daniel arap Moi akaondoka, na Mwai Kibaki akaapishwa Desemba 30 katika bustani ya Uhuru mbele ya umati mkubwa. Unga wa akiba uliliwa Januari, basi.

Mwaka wa 2007 mambo yalikuwa mengine. Matokeo yalitangazwa jioni ya Desemba 30, na ghasia zikalipuka katika miji kadhaa. Maduka yalifungwa. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Uganda ilizibwa mahali pengi, na sehemu ya reli iliyopitia Kibera ikang'olewa. Uganda, Rwanda na Burundi, ambazo hutegemea njia hiyo kwa mafuta ya petroli, zilijikuta na foleni ndefu vituoni na bei zilizoruka katika siku za kwanza za mwaka wa 2008. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa kabla ya maridhiano ya Februari 28, na mamia ya maelfu wakahama makwao.

Katika siku zile, waliokuwa na unga ndani ya nyumba walikula. Waliokuwa hawana walitoka nje kuutafuta, na kutoka nje ndiko kulikokuwa na hatari. Hili ndilo funzo ambalo familia nyingi za mijini zililibeba, na hakuna tangazo la serikali linaloweza kulifuta kwa urahisi. Anayenunua kwa hofu huwa mara nyingi anakumbuka.

Katiba ya mwaka wa 2010 iliuhamisha uchaguzi hadi Jumanne ya pili ya Agosti. Hofu nayo ikahama, ijapokuwa haikwisha. Mei 2017, baada ya ukame kupandisha bei ya pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi kupita Sh150, serikali ilitangaza unga wa ruzuku wa Sh90. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, pakiti iliyokuwa imepita Sh200 ilitangazwa kuuzwa kwa Sh100. Katika visa vyote viwili kulitokea jambo lile lile: bei iliposhuka kwa amri, rafu zilikauka, na maduka yakaanza kumpimia mteja idadi ya pakiti.

Kati ya visa hivyo viwili kulikuwa na Machi 13, 2020, siku ambayo serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kufikia jioni, supamaketi nyingi za Nairobi zilikuwa zimejaa kama mkesha wa Krismasi. Dawa ya kutakasa mikono ndiyo iliyoadimika kwanza, na Mamlaka ya Ushindani ililazimika kuliagiza duka moja liwarudishie wateja fedha walizotozwa kupita kiasi.

Si kila rafu tupu hutokana na wanunuzi, hata hivyo. Mwaka wa 2017 wateja wa Nakumatt, ambayo wakati mmoja ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki, walikuta rafu wazi mwezi baada ya mwezi. Unga ulikuwapo viwandani. Waliokuwa wamechoka ni wenye viwanda, kwa kuwa walikuwa wanaidai kampuni hiyo mabilioni ya shilingi. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ifungwe. Uchumi ilikuwa imepitia masaibu kama hayo mapema zaidi, ilipofunga milango Juni 2006 kabla ya kuokolewa. Mnunuzi akiona rafu tupu katika duka moja na zilizojaa katika duka la jirani, basi tatizo huwa ni la vitabu vya hesabu.

Kuna hatari nyingine ya msongamano ambayo husahaulika kwa sababu haihusu bei. Novemba 28, 2008, siku ya punguzo kubwa linalofungua msimu wa Krismasi nchini Marekani, umati uliokuwa ukingoja nje ya duka la Walmart huko Valley Stream, New York, ulivunja milango alfajiri na kumkanyaga mfanyakazi mmoja hadi akafa. Umati huo haukuwa na njaa. Ulikuwa umeahidiwa bei nafuu kwa idadi ndogo ya bidhaa, na waliokuwa nyuma walisukuma bila kujua kinachotendeka mbele.

Nairobi nayo ina kumbukumbu yake. Januari 28, 2009, moto uliteketeza supamaketi katikati ya jiji na kuua zaidi ya watu 20. Maswali yaliyoulizwa baadaye yalikuwa kuhusu milango: ipo mingapi, na je, ilikuwa wazi? Ni maswali yanayofaa kuulizwa kila Desemba, wakati masanduku ya biskuti na kreti za soda yanaporundikwa kwenye njia za kutokea, na mlinzi anapofunga lango moja ili aweze kukagua mifuko kwenye lango la pili.

Je, maduka yafanye nini? Njia inayotumika zaidi ni kikomo: pakiti mbili kwa mteja. Ina faida iliyo wazi, nayo ni kwamba inawapa wateja 100 wa mwisho wa hesabu yetu nafasi ya kupata unga. Ina kasoro pia. Tangazo la kikomo lenyewe huthibitisha uvumi. Mtu aliyekuja kununua mkate akiliona, hubeba pakiti mbili za unga ambazo hakuwa amezipanga. Kikomo hufaa zaidi kinapowekwa mapema, bila mbiu, kuliko kinapobandikwa mlangoni kwa wino mwekundu.

Serikali kwa upande wake inayo Sheria ya Kudhibiti Bei za Bidhaa Muhimu ya mwaka wa 2011, inayompa waziri wa fedha uwezo wa kuweka bei za juu kabisa za bidhaa kama unga na mafuta ya taa. Lakini bei iliyobanwa huku hofu ikiwa juu huwaalika walanguzi kuficha bidhaa, kama ilivyodhihirika mara nyingi katika ukanda huu. Lenye nguvu zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni lori linaloonekana likishusha unga saa nne asubuhi mbele ya macho ya wanaopanga foleni. Duka linalojaza rafu zake mchana wakati wa taharuki hutuliza watu wengi kuliko waziri kwenye televisheni.

Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni nani hasa anayelipia hofu hii. Anayebeba pakiti nne ana fedha za pakiti nne, ana gari au nauli ya teksi, na ana kabati. Kibarua wa Mukuru au Kawangware, anayelipwa jioni na kununua jioni, hana hata kimoja. Yeye hununua unga kwa gorogoro na mafuta kwa kupimiwa, katika kibanda kilicho hatua chache kutoka mlangoni pake. Bei ya kilo ikilinganishwa, mara nyingi hulipa zaidi ya mwenye troli.

Na mwenye kibanda hicho hununua wapi? Wengi hununua kwa wauzaji wa jumla, lakini stoki inapokatika ghafla siku ya Desemba 23, hukimbilia supamaketi kama mteja mwingine yeyote. Hapo hukuta kikomo cha pakiti mbili. Keshia hawezi kujua kwamba mama aliye mbele yake ananunulia nyumba 20, naye humtazama kama mlanguzi. Hurudi na pakiti zake mbili, au hupitia maduka matano kwa nauli tano, na nauli hizo huongezwa kwenye bei ya kikombe cha unga.

Mishahara iliyolipwa mapema nayo ina deni lake. Kutoka Desemba 20 hadi mwisho wa Januari ni zaidi ya siku 40, na katikati yake mna karo, sare na vitabu. Wakenya wameupa mwezi huo jina la Njaanuari, na si mzaha mtupu: fedha zilizofungiwa kabatini kwa umbo la mafuta na sukari haziwezi kupelekwa kwa mhasibu wa shule.

Kwa kawaida kufikia Desemba 27 rafu huwa zimejaa tena. Malori yameshafika, foleni imekwisha, na baadhi ya maduka huanza kupunguza bei za bidhaa za msimu zilizobaki. Wakati huo kibarua wa Mukuru huwa ameshanunua unga wake wa Krismasi siku tatu nyuma, kwa bei ya tarehe 24.